"Baridi": Mlima Kilimanjaro, Wapagazi na Safari ya Neno

Wanafunzi wetu wengi wamekwisha kufika Mugere, kiasi cha kilomita kumi kusini mwa Bujumbura, kuliona lile jiwe kubwa linalotazama ziwa Tanganyika. Juu yake yamechorwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wawili hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi walioazimwa na mfanyabiashara Mwarabu wa mji huo, wakalala hapo, kisha wakaendelea kaskazini hadi mto Rusizi, wakahakikisha kwamba maji yake yanaingia ziwani wala hayatoki. Makasia hawakuyashika wao. Yalishikwa na watu waliojua wapi pa kutia nanga na wapi pa kukwepa, nao walisemezana kwa Kiswahili. Jiwe halina habari zao.

Tumeanza na Mugere kwa sababu ndipo karibu na nyumbani, lakini makala haya yanahusu mlima ulio mbali kidogo. Mwaka huu walimu watatu wa idara yetu tulijiunga na kundi la wapanda mlima Kilimanjaro. Tutaeleza baadaye tulifika wapi (msitegemee makubwa). Kabla ya hapo tunapenda kuwakumbusha wasomaji historia ya kuongozwa katika mlima ule, kwani historia hiyo inaanza na neno moja la Kiswahili, tena neno ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagani. Aliyeongoza msafara wake mdogo alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, mtu aliyezoea njia za bara. Asubuhi hiyo Rebmann aliona kitu cheupe kinang'aa juu ya mlima. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Bwana Kheri akajibu: baridi. Rebmann, mtu wa Ulaya, hakuhitaji maelezo zaidi; alijua anatazama theluji, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta.

Hapa mwalimu wa lugha hana budi kusimama. Kwa nini "baridi"? Wapo waliocheka jibu hilo, kana kwamba Bwana Kheri alikuwa hajui alichokiona. Sisi tunaona kinyume. Kiswahili kina "theluji", neno lililotoka katika Kiarabu, na "barafu", lililotoka katika Kiajemi ambako maana yake hasa ni theluji. Lakini neno kuwamo katika lugha ni jambo moja, na neno kuwa na kazi katika maisha ya msemaji ni jambo lingine. Mtu wa Mombasa wa mwaka 1848 angeiona wapi theluji? Alichokijua kwa hakika ni kwamba aliyepanda kule alirudi ametetemeka, au hakurudi kabisa. Akataja alichokuwa na ushahidi nacho. Wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo: ukiwapa insha ya majira ya baridi ya Ulaya, nusu ya darasa huandika "mvua ya mawe", kwa kuwa Kirundi kinawapa urubura, na mvua ya mawe wameiona ikiangusha migomba.

Wachagga wenyewe walikuwa na habari zaidi. Katika safari zake zilizofuata Rebmann alielezwa kwamba kitu kile cheupe kinaitwa kibo, na kwamba kikiletwa chini hugeuka maji. Alisimuliwa pia kwamba zamani mtawala mmoja wa Machame alituma watu wakachunguze kile kilichofanana na fedha huko juu, wakafa wote isipokuwa mmoja, aliyerudi mikono na miguu imeharibika. Ukiisoma hadithi hiyo kwa makini utaona kwamba ni taarifa sahihi kabisa ya madhara ya baridi kali, iliyotolewa na watu ambao hawakuwa na daktari wa kuwaeleza.

Habari za Rebmann zilichapishwa mwaka 1849, na huko London hazikupokewa vizuri. Mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alizikataa, akashikilia msimamo wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1852. Kwa miaka kadhaa ushahidi wa mtu aliyeuona mlima, na wa kiongozi aliyeuita baridi, ulikuwa hafifu kuliko hoja za mtu aliyekaa mezani. Ilibidi Baron von der Decken apande zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862 akiwa na Otto Kersten, ndipo ubishi ukapungua. Mwaka 1871, mwaka ule ule wa Mugere, mmisionari Charles New alifika kwenye theluji yenyewe.

Jina la mlima nalo limewachosha wataalamu. "Kilima" tunakifahamu, na mwanafunzi mwenye akili ataleta swali kwamba mbona mlima mkubwa kuliko yote barani Afrika umepewa kiambishi cha kudunisha. "Njaro" imetafsiriwa kwa namna nyingi, na kila mtaalamu ana ya kwake. Wengine wanaliona jina zima kuwa ni Kichagga kilichosikiwa vibaya, lenye maana ya jambo linaloshinda msafiri. Hatutaamua ugomvi huo hapa, ila tunapendekeza utumiwe darasani, kwani unafundisha tahadhari kuliko orodha yoyote ya ngeli.

Tufike sasa kwa Hans Meyer, ambaye jina lake ndilo linaloandikwa kila mahali. Alikuwa mtoto wa ukoo wa wachapishaji vitabu wa Leipzig. Alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887 akashindwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, Mwaustria. Hawakufika hata mlimani. Watu wa pwani, chini ya Abushiri bin Salim, walikuwa wameinuka kupinga kampuni ya Kijerumani, na wageni hao wawili walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 Meyer alikuja tena, safari hii akipitia Mombasa kwa kuwa njia ya Pangani ilikuwa ya vita. Mwenzake alikuwa Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, wakagundua kwamba kilele chenyewe kiko upande mwingine. Wakashuka, wakapumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama juu kabisa, mahali ambapo Meyer alipaita kwa jina la Kaizari wake. Alichukua jiwe la huko juu, likapelekwa Ujerumani na kuwekwa katika jumba la mfalme huko Potsdam. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo.

Sasa, kilichomshinda Meyer mara ya kwanza na kumwezesha mara ya mwisho ni nini? Vifaa na ujuzi wa Purtscheller vilisaidia, hatukatai. Lakini Meyer alikuwa pia ametambua kwamba mlima ule haushindwi kwa siku moja. Kwa hiyo aliweka kambi kwa ngazi, Marangu chini, nyingine juu ya msitu, na nyingine kwenye mita 4,300 hivi, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kila baada ya siku chache. Ndiyo maana aliweza kushindwa tarehe 3 bila kulazimika kurudi hadi chini. Katika kambi ya juu alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, akilinda hema na kupika huku wenzake wawili wakikata ngazi katika barafu. Tufikirie: mtu wa pwani, mahali ambapo maji huganda usiku, peke yake mchana kutwa akiwangoja watu ambao huenda wasirudi. Jina lake limehifadhiwa kwa kuwa Meyer aliliandika. Wengi wa wengine hatuna.

Yuko pia Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Katika sherehe za miaka mia moja, mwaka 1989, alitambuliwa kuwa ndiye kijana aliyewaongoza Meyer na Purtscheller, naye alifariki mwaka 1996. Inasemwa alizaliwa mwaka 1871, jambo ambalo lingempa umri wa miaka 125 hivi, na kwa sababu hiyo wapo wanaosita, wakidhani aliongoza wageni wa baadaye. Shaka hiyo ni halali. Hata hivyo tunaona si haki kumdai mzee wa Marangu cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1871 wakati upande wa pili kila hatua ilikuwa na mwandishi wake. Langoni Marangu leo Meyer ana kumbukumbu yake, na wenyeji waliokwenda naye wana ya kwao.

Kazi hiyo ya kubeba na kuongoza ndiyo iliyotupa sehemu kubwa ya msamiati tunaoufundisha bila kujua ulikotoka. Msafara wa karne ya 19 ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, mnyapara aliyesimamia watu, na wapagazi waliobeba mizigo mabegani au kichwani, wengi wao Wanyamwezi. Kila mtu alipewa posho, yaani chakula chake cha njiani. Watawala wa njiani walidai hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Angalieni maneno hayo yameishia wapi. Posho leo ni pesa za semina, na Uganda ni ugali. Hongo imekuwa rushwa. Mnyapara utamsikia kwenye kazi za vibarua, na hata gerezani. Kirangozi amesahaulika, nafasi yake imechukuliwa na kiongozi, ambaye siku hizi anaweza kuwa hajawahi kutembea hatua mbili mbele ya mtu yeyote.

Msomaji wa Bujumbura anaweza kuuliza, haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa karibu. Yule Baumann aliyefungwa minyororo pamoja na Meyer ndiye aliyepita Burundi mwezi Septemba 1892 akitafuta chanzo cha Nile, na watu wakampokea kwa shangwe wakimdhania Mwezi aliyerejea. Meyer naye alikuja huku mwaka 1911, wakati wa Mutaga, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Kitabu chake kuhusu Warundi kilitoka Leipzig mwaka 1916, na tafsiri yake ya Kifaransa ya mwaka 1984 bado inasomwa na wanafunzi wa historia. Mtu yule yule, basi, ndiye aliyeandikwa kuwa wa kwanza juu ya Kibo na ndiye aliyeandika juu ya babu zetu. Mara zote mbili alifika akiwa amezungukwa na wapagazi. Kiswahili nacho kilifika mjini kwetu kwa miguu ya watu wa namna hiyo, askari, wachuuzi na wabeba mizigo, waliokusanyika kwenye boma la Wajerumani la Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wazee wa Buyenzi hawahitaji kufundishwa na sisi habari hiyo.

Na safari yetu? Tulipitia Kobero, Kahama, Singida na Arusha kwa basi, safari ambayo kwa maoni yetu inachosha kuliko mlima. Mwanajumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa mbali, nasi Burundi tumo tangu Julai 2007, ingawa karani alituangalia mara mbili. Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Mizigo hupimwa kwa mizani, na mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Wenyewe hujiita wagumu, neno ambalo hatukulikuta katika kamusi kwa maana hiyo. Wanakupita njiani na mzigo kichwani, wanakusalimu, na ukifika kambini chai iko tayari.

Siku ya kwanza tulilala Mandara, mita 2,700 na kitu, yaani tayari juu kidogo ya Heha, mlima wetu mrefu kuliko yote. Siku ya pili tulifika Horombo, mita 3,720. Majina hayo mawili ni ya watawala wa Kichagga. Kiongozi wetu hakuchoka kusema "pole pole", nasi tukamfundisha buhoro buhoro, akafurahi, akaitumia hadi mwisho. Alitusisitizia jambo moja: kichwa kikiuma, sema mapema, usione haya. Usiku huo mmoja wetu aliumwa kichwa, akatapika, akasema mapema. Asubuhi kiongozi alimtazama macho, akamwuliza maswali mawili matatu, akaamua kwamba tunashuka sote. Hatukubishana.

Kabla ya kushuka mawingu yalifunguka, tukaona Kibo. Weupe wake ni mdogo kuliko tulivyouzoea katika picha. Tangu mwaka 1912 barafu ya mlima ule imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mmoja wetu, kwa tabia ya ualimu, alimwuliza mpagazi kijana aliyesimama karibu kitu kile kinaitwaje. Tulitegemea theluji. "Barafu," akajibu, akainamia mzigo wake, kisha akaongeza kwamba bibi yake huko Marangu anasema zamani ilishuka hadi chini zaidi. Tukaandika neno hilo katika daftari, tukamwuliza jina lake pia, tukaliandika kando yake.