'Ardhi' Isiyo na Udongo

Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Karatu na Ngorongoro haikufika. Hata hivyo, mfasiri aliyepewa maelezo ya kuunga taa za garimoshi la mfano la zamani atapata msaada mkubwa katika karakana za Karatu, yanakotengenezwa magari yateremkayo kreta na watalii.

Majina ya nguvu yenyewe hayana taabu. 'Stimu' lilitokana na neno la Kiingereza la mvuke, likahamia kwenye umeme. Kenya husema 'stima', ambayo kwa Mtanzania ni meli. 'Umeme' nao ulikuwa wa mawinguni kabla ya kuingia katika waya. Maneno hayo yamehama bila kumpoteza mtu. Linalopoteza ni 'waya wa ardhi'.

Katika nyumba waya huo huishia udongoni kweli. Land Rover, lakini, imesimama juu ya mipira. Waya mmoja hutoka kwenye betri hadi kwenye taa, na mkondo hurudi kwa njia ya bodi. Ndiyo maana taa ikififia fundi hukwangua kutu pale inaposhikana na bodi. Udongo haumo kabisa.

Garimoshi la mfano la Hornby Dublo, lililotolewa Uingereza mwaka 1938, lilitumia volti 12 na reli tatu. Mkondo hupitia reli ya kati, na magurudumu huunganisha bodi na reli za pembeni. Taa yake, basi, huungwa kama ya gari: waya mmoja kwenye kipokezi cha reli ya kati, wa pili kwenye bodi. Kuuita huo wa pili 'waya wa hasi' hakufai pia, kwa sababu garimoshi hili hurudi nyuma kwa kubadilishana chanya na hasi. Kwa maoni yetu 'waya wa bodi' ndiyo istilahi ifaayo: hutaja mahali waya unapofungwa, na mwanafunzi wa Karatu asiyewahi kuona reli huelewa mara moja.

Mwaka 1959 zikaja Dublo za reli mbili, moja chanya na nyingine hasi. Humo bodi ikigusana na reli zote mbili ni shoti, hivyo magurudumu ya upande mmoja hutengwa kwa kihami. Taa ikiungwa kwenye magurudumu ya pande zote mbili, tungeandika 'waya wa kulia' na 'waya wa kushoto'.