Mikoko Yetu: Tawi ni Faida, Shina ni Mtaji



Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za Rufiji kwenda Ghuba, zikabeba dari za nyumba za huko. Mwaka 1898, enzi za Wajerumani, mikoko ya delta iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali. Lakini sheria peke yake haifundishi mkono ulioshika panga. Mchu ukikatwa, kisiki huchipua. Mkoko ukikatwa chini ya matawi yenye majani, hufa. Sisi wa mahesabu tunasema: tawi ni faida, shina ni mtaji. Mtaji ukiliwa, kambamiti wachanga hukosa pa kukulia, na maji hula kingo za vijiji. Mchango wako utalipia vitalu vya miche na mafunzo ya kupogolea kwa kibali. Tusiwaachie watoto visiki.