Jiwe Moja, Njaa Nyingi

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, makundi ya nyumbu huhamia nyanda za nyasi fupi kusini mwa Serengeti, upande wa Ndutu, kwenda kuzaa. Mvua peke yake haitoshi kueleza kwa nini ni pale. Ardhi ya nyanda hizo imetandikwa majivu ya volkeno yaliyorushwa na milima ya upande wa Ngorongoro, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai ikiwamo, na nyasi zinazoota juu yake zina kalisi na fosforasi nyingi kuliko nyasi ndefu za kaskazini. Nyumbu anayenyonyesha anahitaji hasa madini hayo. Mlima ulisaga mwamba, upepo ukausambaza, na malisho yakaitika.

Kusaga mwamba kwa makusudi na kuumwaga shambani ni kuiga kazi hiyo. Wazo hili limezaliwa zaidi ya mara moja, katika nchi ambazo hazikuwa zikisikilizana, na kila iliyolishika jiwe ilitafuta ndani yake dawa ya njaa yake yenyewe. Naliona hilo kuwa jambo kubwa, kwa sababu sasa jiwe hilo linaletwa Afrika Mashariki likiwa limekwisha kupewa maana na wengine.

Kwanza kazi yenyewe. Basalti, lile jiwe jeusi zito la volkeno, imejaa silikati za kalisi na magnesi. Mvua ikishuka hubeba hewa ukaa kidogo na kuwa tindikali dhaifu. Mizizi na vijidudu vya udongo huongeza tindikali zao. Tindikali hizo hulila jiwe taratibu. Kalisi, magnesi na potasi kidogo huachiliwa, makali ya tindikali ya udongo hupungua, silika inayoyeyuka hunyonywa na mimea, na hewa ukaa iliyoshiriki hugeuka bikaboneti ikaondoka na maji kuelekea mtoni na hatimaye baharini, ambako hukaa kwa maelfu ya miaka. Kadiri unga ulivyo laini, ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Nitrojeni, hata hivyo, hamna ndani ya jiwe. Kila tradisheni niliyoiangalia inaweza kupimwa kwa namna ilivyolichukulia pengo hilo.

Ujerumani ya karne ya 19 ililichukulia vibaya. Mwaka 1840 Justus von Liebig alichapisha kitabu kilichofungua njia ya mbolea za chumvi za viwandani, na baada yake akaja Julius Hensel, mkemia aliyeupinga mkondo huo kwa ukali. Katika miaka ya 1890 kitabu chake kuhusu mkate unaotokana na mawe kilihubiri unga wa miamba kuwa chakula kamili cha mimea. Kuhusu nitrojeni, alisema, hewa inatosha. Wanakemia wa kilimo walimshambulia, na katika hoja hiyo walikuwa na haki. Lakini Hensel aliona kitu ambacho wapinzani wake walikipita haraka: kwamba udongo hauishiwi vitu vitatu tu, yaani nitrojeni, fosforasi na potasi, na kwamba chumvi inayoyeyuka kwa wiki moja si sawa na jiwe linaloachilia madini yake kwa miaka. Njaa yake ilikuwa ya kumkomboa mkulima kutoka kwa muuza chumvi. Aliikuza hadi ikawa itikadi, na itikadi ikamzuia kupima.

Karibu karne moja baadaye, huko Michigan, John Hamaker alirudi kwenye jiwe lile lile akiwa na hofu nyingine. Kitabu alichokitoa na Don Weaver mwaka 1982 kilidai kwamba udongo uliochoka na hewa ukaa inayozidi vitaivuta dunia kwenye enzi mpya ya barafu, na kwamba vumbi la kokoto zilizoachwa na barafu za kale lingeokoa ustaarabu. Utabiri wa barafu haukusimama. Alichokuwa nacho cha kweli ni kuunganisha mwamba, udongo na anga katika hesabu moja.

Mauritius haikuhitaji nabii. Ni kisiwa cha basalti, na wakulima wa miwa walikuwa wakiyaondoa mawe mashambani na kuyarundika hadi yakawa kama minara katikati ya miwa. Mtafiti d'Hotman de Villiers alijaribu kuyarudisha shambani yakiwa yamesagwa, na mwaka 1961 akachapisha matokeo: miwa kwenye udongo uliochoka ilizaa zaidi, kwa miaka kadhaa mfululizo. Viwango vilivyotumika vilikuwa vikubwa mno kwa mkulima wa kawaida. Hata hivyo nampenda mtafiti huyu kwa unyenyekevu wa swali lake. Alikuwa na jiwe mlangoni na udongo uliochoka, basi akauliza kama kimoja kinaweza kukifaa kingine.

Swali hilo ndilo Brazili ilililea mpaka likawa sheria. Nchi ile ina udongo wa kitropiki uliooshwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, na huagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 80 ya mbolea inayoitumia. Kwa potasi utegemezi unapita asilimia 90. Wakati huohuo inakumbuka kwamba utajiri wa kahawa wa São Paulo na Paraná ulisimama juu ya terra roxa, udongo mwekundu uliozaliwa na basalti. Mwanajiolojia Othon Leonardos wa Chuo Kikuu cha Brasília, akiwa na William Fyfe na Barbara Kronberg, alitoa mwaka 1987 makala yenye hoja nzito: mbolea za kuyeyuka haraka zilibuniwa kwa udongo wa nchi za baridi, na kwenye udongo wa kitropiki sehemu kubwa huoshwa kabla mmea haujaigusa. Kwa udongo kama huo, jiwe linaloyeyuka polepole ni jibu la busara.

Mwaka 2013 Sheria namba 12.890 iliuingiza unga wa miamba katika orodha rasmi ya pembejeo za kilimo, na mwaka 2016 wizara ikaweka masharti. Jumla ya oksidi za kalisi, magnesi na potasi isipungue asilimia 9, na oksidi ya potasi yenyewe isipungue asilimia 1. Silika huru, ambayo vumbi lake huumiza mapafu ya wanaosaga, isizidi asilimia 25. Aseniki, kadimi, zebaki na risasi zikapewa kikomo kila moja. Masharti haya yananigusa kuliko shairi lolote la kusifia udongo. Yanamwambia mwenye machimbo kwamba vumbi lake linaweza kuwa mali, na yanamwambia mkulima kwamba si kila vumbi ni mbolea. Pale Poços de Caldas, Minas Gerais, husagwa fonoliti, mwamba wa volkeno wenye potasi nyingi. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei za mbolea mwaka 2022, Brazili ilikuwa imekwisha kujiwekea mlango mwingine.

Wajapani walifika kwa njia ya mpunga. Tangu 1955 wameitambua rasmi silikati ya kalisi itokanayo na taka za viwanda vya chuma kuwa mbolea, kwa sababu mpunga wenye silika ya kutosha husimama imara na kuhimili ugonjwa wa blasti. Wao pia wanatufundisha tahadhari: udongo wao mweusi wa majivu ya volkeno hung'ang'ania fosforasi hivi kwamba mmea hauipati kwa urahisi. Asili ya volkeno haileti baraka tupu.

Tradisheni mpya kuliko zote ni ya tabianchi. David Beerling wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wenzake walikadiria mwaka 2020 kwamba unga wa miamba mashambani ungeweza kuondoa angani kati ya tani bilioni 0.5 na 2 za hewa ukaa kila mwaka. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya miaka 4 ya majaribio huko Illinois: tani 50 za basalti kwa hekta kila mwaka, mavuno ya mahindi na soya yakipanda kwa asilimia 12 hadi 16, na hewa ukaa iliyoondolewa ikifikia tani 10.5 kwa hekta kwa kipindi chote. Ni kazi makini, na matokeo ya mavuno yanatia moyo. Lakini tani 50 kwa hekta ni kama tani 20 kwa ekari, yaani tipa mbili za tani kumi kila mwaka, kwa miaka minne. Mkulima wa ekari mbili nje ya barabara ya lami hawezi kulipia hata nauli ya mzigo huo. Njaa iliyopanga kipimo kile ilikuwa ya kaboni. Mahindi yalifaidika njiani.

Mwaka 2025 kampuni ya Mati Carbon, inayosambaza unga wa basalti kwa wakulima wadogo wa mpunga India na ambayo imefika pia Tanzania na Zambia, ilishinda dola milioni 50 za tuzo ya XPRIZE ya kuondoa kaboni. Hapo gharama ya jiwe inabebwa na mnunuzi wa kaboni aliye mbali. Nafurahi kwamba mkulima mdogo amewekwa mbele. Ila mpango unaosimama kwa sababu mtu wa mbali ananunua unaweza kulala siku atakapoacha kununua, na udongo wetu hauwezi kuwekwa rehani kwa soko hilo peke yake.

Basi njaa yetu ni ipi? Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na magharibi mwa Kenya kutoka Kakamega hadi Uasin Gishu, zina mashamba mengi yaliyoshikwa na tindikali. Miaka mingi ya mbolea ya DAP bila chokaa imeongeza tatizo. Mkulima anaweka mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na mahindi bado yanadumaa, kwa kuwa alumini iliyoamshwa na tindikali inachoma mizizi. Na hapo ndipo ulinganisho na Brazili unaponisisimua: uwanda wa Uasin Gishu umekaa juu ya fonoliti, jamii ileile ya mwamba unaosagwa Poços de Caldas. Rungwe, jirani na mashamba ya viazi na mahindi ya kusini, ni nchi ya volkeno. Mwaka 2002 Peter van Straaten alichapisha, kwa ushirikiano na ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha miti na mazao kilichopo jijini Nairobi, kitabu kinachoorodhesha nchi kwa nchi miamba ya Afrika kusini mwa Sahara inayoweza kulisha mazao. Ramani tunayo. Tulichokosa ni masharti kama yale ya Brazili ya 2016, na majaribio yanayolishindanisha jiwe na chokaa na samadi katika shamba la mkulima mwenyewe, kwa kiasi anachoweza kukisomba.

Samadi siitaji kwa adabu tu. Wachagga wa Mlima Kilimanjaro wamekalia mojawapo ya ardhi bora za volkeno duniani, na bado hawakuuachia mlima kazi yote: ng'ombe hulishwa zizini, samadi hurudishwa kwenye kihamba chini ya migomba na kahawa, na maji huletwa kwa mifereji. Pengo la nitrojeni lililomshinda Hensel wao walilijaza kwa mikono, na tindikali za samadi inayooza ndizo zinazoharakisha kulika kwa jiwe lenyewe.

Kuhusu kaboni, Tanzania ina kanuni zake za biashara hiyo za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa Yaeda Chini wameuza kaboni ya misitu yao, nao walikuwa na cha kuonyesha: miti imesimama, mipaka inajulikana, hati ya ardhi iko mkononi. Kaboni ya jiwe haikai shambani. Inaondoka na maji ya mvua, na mkulima hana cha kumwonyesha mkaguzi ila udongo uliobadilika. Kwa hiyo mkataba wowote wa unga wa mawe uandikwe kwa Kiswahili, umlipe mkulima kwa tani alizopokea na kuzisambaza, utaje kiasi cha metali nzito za nikeli na kromiamu kilichomo kwenye mwamba huo, na umwachie matokeo ya vipimo vya udongo wake hata mnunuzi atakapokuwa ameondoka.