Hasara za Herpesi Isiyotibiwa: Hoja ya Kuangalia Mbali Zaidi ya Kidonda

Kidonda cha herpesi hupona bila dawa. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza sehemu za siri, malengelenge hupasuka, huwa vidonda vyenye kuwasha na kuuma, na baada ya wiki mbili hadi nne ngozi hujifunga. Yakirudi, aghalabu huisha ndani ya wiki moja au siku chache zaidi. Yakitokea mdomoni, watu husema homa imetoka. Ndiyo maana imejengeka imani, hata miongoni mwa baadhi ya watumishi wa afya, kwamba kuiacha herpesi bila matibabu hakuna hasara. Makala haya yanaipinga imani hiyo, ingawa hayadai kwamba kila lengelenge linahitaji kidonge. Hasara kubwa za kutotibu hutokea mbali na kidonda, na mara nyingi humwangukia mtu mwingine.

Virusi vya herpesi, aina ya 1 na ya 2, havitoki mwilini. Hupita kwenye mishipa ya fahamu hadi katika mafundo yake na kujificha humo. Dawa ya asiklovia huzuia virusi visizaliane, lakini haivifikii vilivyolala. Aliyetibiwa na asiyetibiwa wote hubaki navyo. Kwa hiyo anayetetea matibabu kwa kuahidi kuponya kabisa anapoteza hoja mapema. Hoja yenye nguvu ni ya muda, kwa kuwa kuna viungo ambavyo virusi hivi vikivifikia, kila saa ya kuchelewa ina gharama.

Ubongo ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Mtu mzima anapata homa, kichwa kinamuuma, kisha anaanza kuongea yasiyoeleweka, anashindwa kuwatambua wanawe, anapata degedege. Kwetu jambo la kwanza kusemwa ni kwamba malaria imempanda kichwani, na wengine watataja majini. Malaria ichunguzwe, tena haraka. Lakini katika maeneo ambako watu wengi wana vimelea vya malaria bila kuugua, kipimo chanya hakitoshi kuondoa shaka ya herpesi ya ubongo. Ugonjwa huu usipotibiwa huua takriban asilimia 70 ya wanaoupata, na wengi wa wanaonusurika hubaki na upungufu wa kumbukumbu au usemi. Asiklovia ya mshipani ikianzwa mapema, vifo hushuka chini ya asilimia 30. Vidonge havitoshi, na kusubiri majibu ya maabara ndipo dawa ianze ni kosa. Daktari mwenye shaka aanze, majibu yatamwambia kama aache.

Mtoto mchanga naye yuko katika hatari ambayo mama mwenyewe huenda asiijue. Mwanamke aliyeishi na herpesi kwa miaka humpa mtoto kingamwili zake, na uwezekano wa kumwambukiza wakati wa kujifungua hauzidi asilimia 1 hivi. Aliyeambukizwa katika wiki za mwisho za ujauzito bado hajatengeneza kingamwili za kutosha, na hatari hiyo hupanda hadi asilimia 30 au zaidi. Mtoto anagoma kunyonya, analegea, anapata homa, pengine bila lengelenge hata moja. Anapewa ampisilini na gentamisini, kama inavyostahili, lakini dawa hizo haziviui virusi. Maambukizi yakishaenea mwilini bila asiklovia, watoto wapatao 85 kati ya 100 hufa.

Jicho nalo halipaswi kusahauliwa: herpesi ya konea huacha makovu na upofu, na matone yenye steroidi yakitumika peke yake bila dawa ya virusi huyaongeza madhara hayo.

Kuhusu VVU, ukweli hauko upande mmoja. Aliye na herpesi aina ya 2 ana uwezekano wa karibu mara 3 wa kupata VVU. Wengi walitarajia kwamba kuidhibiti herpesi kungepunguza maambukizi ya VVU. Jaribio lililofanyika kaskazini-magharibi mwa Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, liliwapa asiklovia au kidonge kisicho na dawa wanawake zaidi ya 800 waliofanya kazi katika baa na nyumba za wageni. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Utafiti wa mwaka 2009 ulisaidia kueleza sababu: seli za CD4, zile zile zinazoshambuliwa na VVU, huendelea kujikusanya mahali palipopona, hata mgonjwa akiwa kwenye dawa.

Si haki kuyasoma matokeo hayo kama ruhusa ya kuipuuza herpesi. Yanatuonyesha mpaka wa dawa moja katika kinga, wala hayagusi wajibu wetu kwa aliyekwisha kuugua. Kwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeporomoka, vidonda huchimba, huungana na hukaa miezi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kidonda cha herpesi kilichozidi mwezi mmoja kwa mtu mwenye VVU kuwa dalili ya hatua ya nne, ya mwisho, ya ugonjwa. Mgonjwa mwenye kidonda kama hicho haifai kupewa dawa ya kupaka na kurudishwa nyumbani. Anahitaji asiklovia, kipimo cha VVU kama hajapima, na akikutwa navyo aunganishwe bila kukawia na huduma ya dawa za kufubaza virusi.