Ndomu Ilivyofika Makambako, na Aibu Iliyokuja Nayo

Shuka stendi ya Makambako usiku uone. Baridi inakata kama wembe, malori ya Tunduma yamepanga foleni, gesti zimejaa. Hapa ndipo barabara ya Songea inapochepuka kupitia Njombe mjini, na reli ya TAZARA inapita hapohapo tangu miaka ya 1970. Njia hizi zilileta hela ya mbao, viazi na mahindi. Ngoma nayo ilisafiri na watu humohumo.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni cha enzi hizo. Wabongo wakaugeuza utani: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mazishi yalipozidi, watu wakaacha kucheka.

Mwaka 1993 shirika la PSI likaingiza sokoni Salama, ndomu ya bei ya chini. Kitu cha hospitali kikahamia dukani, jirani na viberiti na sabuni. Baadaye zikaja Dume, na Lady Pepeta ya kike. Ila aibu haikuisha. Mteja ananong'ona "nipe zile", muuza duka anafunga kwenye gazeti haraka, mtu anatia mfukoni bila hata kuangalia. Nje washkaji wanamzodoa eti pipi hailiwi na ganda.

Na hapo ndipo watu wanapopigwa. Anayenunua kwa kujificha hasomi pakiti. Ndomu iliyopitwa na tarehe, iliyoanikwa juani kwenye meza ya machinga au kukaa miezi kwenye waleti, mpira wake unachoka na kupasuka kirahisi. Inayobana sana inapasuka, inayopwaya inavuka. Kuvaa mbili kwa pamoja si ujanja, zinasuguana.

Kosa kubwa zaidi ni mafuta. Vaseline, losheni ya mtoto au mafuta ya kupikia yanaharibu mpira ndani ya dakika chache tu. Kilainishi sahihi ni cha maji au silikoni, na kinapatikana famasi. Zile krimu za "kuongeza nguvu" zisizo na lebo inayoeleweka ziache zilipo.

Namba zenyewe hazina utani. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta 11.4% ya watu wazima Njombe wana VVU. Ule wa 2022/23 ukakuta 12.7%. Mara zote mbili mkoa ulishika namba moja Tanzania. Ni kweli ARV zinawafanya watu waishi miaka mingi, na hilo ni jambo la kushukuru, ila maambukizi mapya bado yapo.

Ikipasuka, usikae kimya. Wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 upewe PEP, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia.

Miaka 30 na ushee tangu Salama ifike dukani, bei haijawahi kuwa tatizo kubwa kama ile sekunde moja ya kugeuza pakiti na kusoma tarehe mbele ya muuza duka. Isome tu. Yeye ameshauza nyingi, wala hakukumbuki.