Ushuru, Hongo na Kodi: Maneno ya Malipo na Fikra za Watu katika Historia ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mkazi wa Dar es Salaam hulipa kodi kwa mwenye nyumba na hulipa kodi kwa serikali. Neno ni moja, lakini mambo ni mawili. Malipo ya kwanza ni bei ya kitu kinachoonekana, yaani paa, mlango na ufunguo. Malipo ya pili ni wajibu wa kisheria usiomwahidi mlipaji huduma yoyote mahususi. Mwanauchumi huona hapo upungufu wa istilahi, na kwa taaluma yake ana haki. Mwanaisimu, kwa upande wake, hana budi kuuliza swali jingine: ni historia gani iliyowafanya wasemaji wa Kiswahili wayaweke malipo hayo mawili ndani ya neno moja?

Mhadhara huu unachunguza maneno matatu ambayo kwa nyakati mbalimbali yametaja malipo kwa mwenye mamlaka, nayo ni ushuru, hongo na kodi. Hoja yake ni kwamba historia ya maneno hayo inaonyesha maswali mawili ambayo watu wa kawaida wamekuwa wakiyauliza kuhusu malipo hayo tangu kabla ya ukoloni: nani ana haki ya kudai, na mtoaji anapata nini? Ieleweke mapema kwamba neno peke yake halithibitishi fikra za jamii. Lakini neno linapobadili maana wakati uleule ambapo utawala unabadilika, badiliko hilo ni ushahidi unaostahili kupimwa pamoja na ushahidi mwingine wa historia.

2. Ushuru wa forodhani

Neno ushuru limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kumi, mzizi uleule uliotupatia neno ishirini. Maana yake ya asili ni sehemu moja ya kumi. Katika miji ya pwani neno hilo lilishikamana na forodha, mahali jahazi lilipotia nanga na shehena ikahesabiwa. Kiwango chenyewe hakikubaki kuwa moja ya kumi. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zilizoteremshwa, na mkataba wa Uingereza wa mwaka 1839 ukafuata mkondo huohuo. Kiwango kilipungua, jina likabaki.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni namna ushuru huo ulivyokusanywa. Sultani hakuwa na idara ya mapato. Forodha ya Zanzibar ilikodishwa, na kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi. Mkodi alimlipa Sultani kiasi cha mwaka walichopatana, na kilichozidi kikawa chake. Hapa kitenzi kukodi kinakutana na mapato ya dola: haki ya kutoza ilikuwa mali inayoweza kupangishwa kama nyumba au shamba.

Watu wa pwani waliuzoea utaratibu huo kwa sababu aliyedai walimjua, na kwa sababu bandari, soko na ulinzi vilikuwa mbele ya macho yao. Mwaka 1888, kwa mkataba na Sultan Khalifa, utawala wa pwani ya Mrima pamoja na forodha zake ulikabidhiwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti mwaka huo, wakala wa Kampuni walipojaribu kushika madaraka Pangani, upinzani ulilipuka, ukaenea pwani chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, zikiwamo bendera, ardhi na heshima ya wenyeji. Hata hivyo, suala la forodha linafundisha jambo moja: ushuru haukuwa jambo geni, bali mwenye kuudai alikuwa mgeni, na wenyeji hawakuwa wameulizwa.

3. Hongo ya njiani

Kutoka pwani misafara ya biashara iliingia bara, na huko malipo yalikuwa na jina jingine. Katika karne ya 19, hongo ilikuwa malipo ambayo msafara ulimpa mtemi au jumbe ili upite katika nchi yake. Wasafiri wa Ulaya kama Burton, Speke na Stanley waliliandika neno hilo mara kwa mara, kwa kawaida wakilalamika. Nchi iliyosifika zaidi kwa hongo ni Ugogo, nchi kavu iliyokuwa katikati ya njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Malipo yalikuwa ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo yenyewe iliitwa merikani kwa kuwa ililetwa kutoka Marekani, au kaniki ikiwa imetiwa rangi ya nili, nayo ilipimwa kwa doti na mikono.

Kwa msafiri wa Ulaya hongo ilikuwa unyang'anyi. Kwa mtemi wa Kigogo ilikuwa haki ya mwenye nchi. Msafara wa mamia ya watu uliteka maji ya visima vilivyochimbwa na wenyeji katika nchi yenye mvua haba, ukanunua nafaka na kupiga kambi katika ardhi yenye wenyewe. Hongo ililipia maji, amani na njia. Kiasi chake kilijadiliwa, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na mapatano yakifikiwa msafara uliruhusiwa kuendelea. Kwa vipimo vya leo malipo hayo yanafanana na ushuru wa barabara zaidi kuliko rushwa.

Mamlaka ya watemi ilivunjwa na ukoloni. Aidha, reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliondoa haja ya misafara ya wapagazi kupita Ugogo. Aliyekuwa na haki ya kudai hongo hakuwapo tena, lakini neno halikufa. Katika Kiswahili cha leo hongo ni malipo ya siri anayopewa mtu asiyekuwa na haki ya kuyapokea, ili atoe kitu ambacho mtoaji alistahili kukipata bure au hakustahili kukipata kabisa. Kiini cha kitenzi kuhonga, yaani kutoa ili kupata njia, kimesalia. Kilichoondoka ni uhalali wa mpokeaji.

Methali isemayo "Penye udhia penyeza rupia" inatupatia kipimo cha wakati. Rupia ilikuwa fedha ya Afrika Mashariki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, hivyo methali yenyewe inajitaja kuwa ya enzi hiyo au ya kizazi kilichoikumbuka. Kitenzi kupenyeza nacho kina uzito wake. Hongo ya mtemi haikupenyezwa, bali ilihesabiwa hadharani, doti kwa doti. Rupia ya methali hupita mahali pembamba pasipoonekana.

4. Kodi ya nyumba na fedha ya mtawala

Utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na ukusanyaji ukaanza mwaka uliofuata, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba na zaidi kwa nyumba za mjini. Upande wa Waingereza, katika nchi ambayo leo ni Kenya, kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901 kwa rupia 2, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wasiokuwa na nyumba ya kutozwa.

Mwanafunzi wa semantiki hana budi kusimama hapa. Kabla ya hapo, kwa mtu wa pwani, kodi ya nyumba ilikuwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Sasa mtu aliyekata miti mwenyewe, akakandika udongo mwenyewe na kuezeka mwenyewe, aliambiwa alipe kodi ya nyumba yake. Kwa mujibu wa lugha yake amefanywa mpangaji katika nyumba aliyoijenga. Mtawala alitumia neno lililokuwapo, lakini ndani yake mlikuwa na dai jipya kwamba nchi ina mwenyewe mwingine.

Malipo ya awali yaliweza kutolewa kwa mazao au kwa kazi, lakini lengo lilikuwa sarafu, na sarafu ilipatikana kwa kuuza mazao au kufanya kazi ya ujira katika mashamba ya walowezi na katika reli. Kodi, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa na ukali wa maakida, ni miongoni mwa sababu zinazotajwa na wanahistoria kuhusu Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Huko Kenya, kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara vilikuwa kiini cha upinzani ulioongozwa na Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake kulifuatiwa na mauaji ya Nairobi ya mwezi Machi 1922.

Msamiati wa fedha nao ulipigwa chapa na wakati huo. Neno fedha ni la Kiarabu na maana yake ya kwanza ni madini ya fedha. Pesa ni paisa ya Kihindi, sarafu ndogo ya shaba. Wajerumani waligawa rupia katika pesa 64 hadi mwaka 1904, walipoigawa upya katika sehemu 100 zilizoitwa Heller. Kutokana na sarafu hiyo Watanzania wakapata neno hela. Nchini Kenya, ambako sarafu hiyo haikutawala, pesa ndilo neno la kila siku. Mpaka uliochorwa na mataifa mawili ya Ulaya mwaka 1886 na 1890 unasikika hadi leo katika mazungumzo ya sokoni.

Hata hivyo watu hawakupokea tu, bali walihesabu kwa hesabu yao. Baada ya shilingi ya Afrika Mashariki kuanzishwa mwaka 1921, senti 50 ziliitwa thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Nusu shilingi si sehemu ya nane ya shilingi. Ni sehemu ya nane ya riale, fedha ya Maria Theresa iliyopigwa tarehe 1780, ambayo kwa makadirio ya kawaida ilifikia shilingi 4. Serikali ilibadili sarafu, lakini kipimo cha thamani kilichokuwamo vichwani mwa watu hakikubadilika kwa amri.

5. Baada ya uhuru

Uhuru ulileta jibu jipya kwa swali la nani ana haki ya kudai: sasa ni wananchi wenyewe kupitia serikali yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijadili waziwazi kikomo cha kodi, likitumia mfano wa ng'ombe ambaye akishatoa maziwa yote aliyonayo hawezi kutoa zaidi, hata ndama akihitaji. Mamlaka za mapato zilizoanzishwa katika miaka ya 1990 zilirejea hoja hiyo ya umiliki katika kaulimbiu zao. Ya Tanzania husema "Pamoja Tunajenga Taifa Letu", na ya Kenya "Tulipe Ushuru Tujitegemee". Ikumbukwe pia kwamba Kenya imelikuza ushuru kuwa jina la jumla la malipo yote ya serikali, ilhali Tanzania imeliachia kodi nafasi hiyo.

Pamoja na hayo, maswali ya zamani hayakukoma. Kodi ya maendeleo iliyotozwa na halmashauri za Tanzania ilifutwa mwaka 2003, baada ya miaka ya mgambo kuwakamata watu wasiokuwa na stakabadhi. Michango ya shule ilikuwa ya lazima kwa wazazi wengi, ingawa mchango, kwa asili ya kitenzi kuchanga, ni kitu watu wanachokubaliana kukitoa pamoja. Rais Magufuli aliipiga marufuku mwezi Januari 2018. Mwezi Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Neno hilo limetokana na kutoza, yaani kumfanya mtu atoe. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zingejenga vituo vya afya na madarasa. Walalamikaji walijibu kwamba fedha iliyokwisha kutozwa katika mshahara inakatwa tena inapotumwa kwa mzazi kijijini. Mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30.

Nchini Kenya, maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 yalifika hadi ndani ya Bunge tarehe 25 Juni, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Jina la utani alilopewa lilikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Injili aliyetakiwa ashuke mtini. Kwa wasikilizaji waliolelewa na Biblia ya Kiswahili, jina moja lilitosha kusema kwamba mtoza ushuru anaweza kuwa na sheria mkononi na bado akadaiwa arudishe.

6. Hitimisho

Katika maelezo haya kuna mazungumzo mamoja marefu. Malalamiko ya leo kwamba "kodi zetu zinaliwa" hayapingi kodi kama kodi. Kitenzi kula kinataja fedha ya wengi iliyoishia tumboni mwa mtu mmoja, na anayelalamika hivyo amekwisha kukubali kwamba fedha ile ni yake na ya wenzake. Ni lalamiko la mwenye mali, si la mkwepaji.

Kwa hiyo wajibu wa wanaisimu si mdogo. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na kazi ya kuunda istilahi za kodi itaendelea kwa miaka mingi. Ada ni malipo ya huduma inayojulikana. Faini ni adhabu. Mchango ni hiari. Kodi ni wajibu wa wote kwa manufaa ya wote. Maneno hayo yakichanganywa, kwa uzembe au kwa makusudi, mwananchi hunyang'anywa chombo cha kuulizia. Historia ya hongo inaonyesha kwamba wasemaji hawahitaji kamati ili kuhukumu malipo. Uhalali wa mpokeaji ulipotoweka, walilihamisha neno, na hadi leo halijarudi lilikotoka.