Karatasi ya Kuchujia Iliyofichua Swichi ya Misuli

Leo tuache programu kidogo, tuingie kwenye biolojia. Hata hivyo, kisa hiki kitamgusa yeyote aliyewahi kuona programu ikikubali kwenye tarakilishi moja na kugoma kwenye nyingine.

Misuli huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Kimeng'enya kinachoimega akiba hiyo ni fosforilasi. Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, waligundua kwamba kina sura mbili: "b", ambayo hulala mpaka iamshwe na molekuli ya AMP, na "a", ambayo hufanya kazi bila kuamshwa. Je, b hugeukaje kuwa a?

Katikati ya miaka ya 1950, Edmond Fischer na Edwin Krebs wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walilivamia swali hilo. Akina Cori walikuwa wakichuja maji ya misuli iliyosagwa kwa karatasi. Hawa wawili wakatumia mashine ya kuzungusha kwa kasi, wapate maji safi zaidi. Lo! Wakapata b tupu. Waliporudia karatasi, a nayo ikarudi.

Kumbe karatasi ilikuwa na kalsiamu kidogo, na ndiyo iliyoanzisha mabadiliko. Wala haikuwa uchafu wa bure: ndani ya mwili, neva inapoamuru misuli ikaze, kalsiamu humwagika ndani ya seli na kuanzisha mabadiliko yaleyale. Kimeng'enya kingine huchukua fosfati kutoka kwa ATP na kuipachika kwenye b, ikawa a. Baadaye kingine huing'oa. Ni kama biti: 0 au 1. Protini ni ileile, hali yake tu ndiyo imebadilika, ndiyo maana misuli hupata nguvu upesi unapokimbilia matatu.

Leo tunajua binadamu ana vimeng'enya zaidi ya 500 vya kupachika fosfati. Kimoja kikikwama kwenye 1, huweza kuleta saratani ya damu. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzima kimoja cha aina hiyo.

Fischer na Krebs walipewa Nobel mwaka 1992. Wangeridhika na maji yao safi, swichi hiyo ingewapita. Kwa hiyo hitilafu ikitoweka yenyewe ukibadilisha mashine, usishangilie bado. Uliza kwanza: mashine ya zamani ilikuwa na nini?